Mama Anajua, Baba Anajua, Ila Hakuna Anayesema

Hebu jibu swali moja kimoyomoyo, hapa hatukusikii. Mara ya mwisho ulipoongea na baba yako mlizungumza nini? Toa shikamoo. Toa ada ya shule. Toa "umeshafunga kuku?" na "nani kazima redio?" Kimebaki nini?

Kama hakijabaki kitu, usione haya, mko wengi. Hata mimi ninayeandika ukurasa huu nilikuwa mmoja wenu, na kimya hicho nusura kiniponze. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa kidato cha kwanza, miaka ya 1990, nyumbani kwetu wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Kijijini petu kulikuwa na majaruba ya mpunga na bwawa moja ambalo watoto wote tulikuwa tunaogelea tukitoka shule. Siku moja nikawa nakojoa, mwishoni nikaona mkojo unatoka na damu. Si nyingi, matone tu. Kesho yake hivyo hivyo, na sasa inachoma.

Wakati ule kuta za zahanati zilijaa mabango ya ukimwi na magonjwa ya zinaa. Basi nikajihukumu mwenyewe: hiki ni kisonono. Utaniuliza, je, ulikuwa umelala na mtu? Sijalala na mtu yeyote! Lakini mshikaji wangu mmoja darasani, mjuaji wa kila kitu, alikuwa ametuambia kisonono unaweza kukipata hata kwa kukalia kiti chenye joto alichoinukia mgonjwa. Uongo mtupu, ila nani angenisahihisha? Nimwambie mama? Nitaanzaje kumtajia mama sehemu hiyo? Nimwambie dingi? Dingi nilikuwa namjua kwa kikohozi chake tu. Akikohoa uani, sisi watoto tunatawanyika kama vifaranga vimeona mwewe.

Nikakaa kimya miezi minne. Hela ya madaftari nikanunulia vidonge vya rangi mbili dukani, nikawa nameza kwa kubahatisha. Havikufanya kitu. Nikaacha kukojoa pamoja na wenzangu, nikawa najificha migombani. Darasani mwalimu anaongea, mimi nahesabu siku zangu za kufa.

Kumbe mama alishaona. Yeye ndiye aliyekuwa anafua kaptula zangu. Hakuniambia kitu, alimwambia baba. Baba naye hakuniambia kitu, alimtumia salamu mjomba aliyekuwa anakaa kijiji cha pili. Mjomba akaja Jumamosi na baiskeli yake, akasema, "Panda, unisindikize mahali." Njiani, yeye anaendesha na mimi nimekaa nyuma kwenye keria, akaniuliza bila kugeuka: "Unakojoa damu tangu lini?"

Nililia, msomaji. Nililia mgongoni kwa mjomba mpaka shati lake likalowa.

Kituo cha afya walichukua mkojo kwenye kikopo, wakautazama kwa hadubini, wakaona mayai ya minyoo. Kichocho. Nikapimwa uzito, nikapewa vidonge vya prazikwanteli, vikubwa na vichungu, nikavimeza siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache damu ikakoma. Miezi minne ya mateso imetibiwa kwa dawa ya siku moja.

Jioni ile baba akaniita uani. Alinyamaza muda mrefu, akasafisha koo. "Hata mimi nilikojoa damu nilipokuwa na umri wako," akasema. "Sisi tulidhani ndiyo dalili ya kuwa mwanaume." Halafu akaenda kufunga mbuzi.

Sasa hebu fikiria. Watu watatu, nyumba moja, chungu kimoja. Mama anajua. Baba anajua, tena anajua zaidi kwa sababu yalishamkuta. Mimi najua. Na hakuna aliyefungua mdomo.

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu ugonjwa wenyewe, maana upo bado na wewe unaweza kuwa nao. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya kwenye ngozi ukiingia mtoni, bwawani au kwenye majaruba. Minyoo ikikua hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Ukiiacha miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana mayai yake huweza kufika ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa damu. Dalili hizo zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Umeona hatari yake? Msichana wa watu hajagusana na mtu, anaona dalili, anaogopa kusema asije akaitwa mhuni. Akisema, anaitwa mhuni kweli! Dawa ipo, inatibu. Lakini dawa haimfuati mtu aliyejificha migombani.

KWA NINI WAZAZI HAWASEMI?

Vijana wengi wanafikiri wazazi hawaongei nao kwa sababu hawawapendi, au ni washamba, au wamechoka nao. Mimi nakuambia sababu kubwa ni nyingine: kwa desturi zetu nyingi, kazi hiyo haikuwa yao.

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mzazi hakutakiwa kumweleza mwanawe habari za mwili na za kubalehe. Ilikuwa aibu, hata mwiko. Lakini hiyo haina maana kwamba mtoto aliachwa gizani. Alikuwepo mtu maalumu wa kazi hiyo. Kwa Waswahili wa pwani, msichana akivunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, akamfundisha usafi, adabu na mambo ya unyumba. Wazaramo walikuwa wakimweka mwali ndani, kungwi akamfunda. Wayao na Wamakonde walikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Waganda wana ssenga, yaani shangazi, dada wa baba. Hata Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye wengi wanamjua kwa taarabu, hadi uzeeni alikuwa mfundaji wa wari katika unyago. Alifariki mwaka 2013.

Na kulikuwa na babu na bibi. Bibi unamtania, anakuita mume wake, unamwuliza kitu ambacho ukimwuliza mama utakula kofi. Utani huo si mchezo wa bure, ulikuwa mlango. Swali lisilopita kwa mama lilipita kwa bibi.

Sisemi turudi huko kote. Katika baadhi ya makabila mafunzo hayo yaliambatana na ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 iliukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Kwingine msichana wa miaka 12 alifundwa ili aolewe kesho yake. Hayo yaache yaende. Ninachosema ni kwamba mlango ule umefungwa na mwingine haujafunguliwa. Baba kahamia mjini kutafuta maisha. Bibi kabaki Newala, wewe uko Tandika. Shangazi mnaonana kwenye misiba. Wewe mwenyewe uko bwenini miezi mingi ya mwaka. Basi kazi yote ya somo, kungwi, babu na bibi imemwangukia mama yako na baba yako, na hawakufundishwa kuifanya. Wao wenyewe wazazi wao hawakuwaambia kitu. Unategemea waige kwa nani?

NA WANAOGOPA

Ukimwona mama anakuwa mkali ukichelewa dakika kumi tu, piga hesabu kidogo. Kama una miaka 16, huenda mama yako ana arobaini na kitu. Maana yake yeye alikuwa mwanafunzi miaka ya 1990. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, na miaka kumi baadaye ugonjwa ulikuwa kila mkoa. Dawa za kufubaza virusi hakuna. Mama yako aliona mwalimu wake anakonda, jirani anakonda, pengine dada yake anakonda, na wote wanazikwa. Serikali ilianza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004 tu. Wewe umekulia wakati mtu mwenye virusi anameza dawa na anaishi. Yeye hakukulia huko.

Na mimba? Kwa Tanzania Bara, msichana akipata mimba alikuwa anafukuzwa shule na ndiyo mwisho. Mpaka Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida. Mama yako alikuwa na rafiki aliyekaa naye dawati moja, akapotea ghafla, leo anauza mbogamboga. Kwa hiyo anapokuuliza "ulikuwa wapi?" kwa sauti ile inayotoboa masikio, anayeuliza ni mama, lakini aliyemtuma ni yule rafiki.

Shida ni kwamba woga ukitoka mdomoni unageuka kuwa ukali. Badala ya "naogopa usije ukaharibikiwa" unasikia "nikikukuta na mwanaume nitakuchinja." Wewe unasikia kuchinjwa tu.

WEWE NAWE JE?

Tuseme kweli, vijana nasi si malaika. Ukifika umri wa kubalehe mwili unabadilika, wasichana kwa kawaida wakianza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kinachoonekana ni matiti, ndevu, sauti na chunusi. Kisichoonekana ni ubongo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokusaidia kupima "nikijibu hivi kitatokea nini", huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Hasira zimeshawasili, breki bado zinafungwa. Ndiyo maana unambamizia mama mlango, dakika tano baadaye unajuta. Hata usingizi hubadilika: homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka usiku kwa vijana, kwa hiyo saa nne usiku macho makavu na asubuhi huamki. Mzee anasema uvivu. Mwambie hilo taratibu, lakini deki ufanye.

Halafu angalia tunavyowasiliana nao. Mimi nilisoma bweni baadaye, na barua zangu zote zilikuwa moja: "Mpendwa baba, shikamoo. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu huko. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa sabuni imekwisha." Sabuni, dawa ya meno, hela ya picha. Siku hizi ni meseji, ila wimbo ni ule ule: "Mzee shkm, naomba elfu kumi." Mtu anayesikia sauti yako ukiwa na shida ya hela tu, akisikia unaita "Baba!" anashika mfuko. Si rahisi kujua kwamba leo unataka kitu kingine.

ANZIA WAPI BASI?

Anza na kidogo. Usiamke siku moja baada ya miaka kumi na mitano ya kimya ukatangaza, "Baba, nataka tuzungumze kuhusu ngono." Mzee wa watu atazimia. Anza kwa kuuliza habari zake. "Baba, wewe ulipokuwa kidato cha pili, shuleni mlikuwa mnakula nini?" Swali jepesi kabisa. Wazee wanapenda sana kusimulia walivyotembea kilomita nyingi kwenda shule bila viatu. Umeisikia mara mia? Sikiliza ya mia na moja, halafu uliza kitu hajawahi kusimulia: "Uliwahi kufeli? Ulimwambiaje babu?" Hapo utashangaa. Ukishajua baba naye aliwahi kuficha ripoti ya shule chini ya godoro, yako itakuwa rahisi kuitoa.

Chagua saa. Tazama mfano huu. Mama ametoka sokoni jua kali, kikapu kichwani, hajauza vizuri. Binti yuko mlangoni: "Mama, nataka hela ya pedi." Jibu lake wote tunalijua. "Hela, hela, kila siku hela! Mimi benki?" Binti anasusa, anaona mama hamjali. Kumbe mama hakusikia neno pedi. Alisikia neno la kwanza tu.

Sasa twende jioni. Wamekaa jikoni wanachambua mchele.

"Mama, nina jambo. Naona aibu kulisema, naomba unisikilize mpaka mwisho."

Mama anaacha mchele. "Una mimba?"

"Hapana, mama! Nikiwa kwenye siku zangu tumbo linauma mpaka nashindwa kukaa darasani. Mwezi uliopita nimekosa siku tatu."

Mama kimya. Anarudi kwenye ungo, anatoa chuya mbili, tatu. "Hata mimi lilikuwa linaniuma hivyo hivyo. Mbona hukusema?"

Umeona? Swali la kwanza la mama lilikuwa ule woga tuliousema. Binti hakukasirika, hakusema "yaani mama unanifikiria hivyo!" Alijibu, akaendelea. (Na kama wewe ni huyo binti: maumivu kidogo ya hedhi ni kawaida, na chupa ya maji ya moto tumboni husaidia. Yakikukosesha shule, nenda kituo cha afya, yana dawa.)

Kitu kingine katika mfano huo ni mchele. Sisi tumelelewa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Sasa mtu akikuketisha mkitazamana kwenye makochi, "haya, sema," utasemaje? Macho hayana pa kwenda. Lakini mkiwa mnafanya kazi pamoja, mikono ina shughuli na macho yana mahali pa kukaa. Kuchambua mchele, kumenya mihogo, kupalilia, kufua, kwenda shamba mmoja mbele mmoja nyuma. Mjomba aliniuliza swali lile gumu juu ya baiskeli, na mpaka leo nadhani alifanya makusudi. Angeniuliza uso kwa uso ningesema "mimi mzima, mjomba," na ningeendelea kuoza.

Sema unataka nini. Mzazi akisikia tatizo anadhani anatakiwa kulimaliza papo hapo, na akikosa jawabu anafoka. Mpunguzie mzigo. Mwambie, "Sitaki unijibu leo, nataka ulijue tu." Au, "Nataka ushauri wako, uamuzi bado." Au sema wazi kwamba unaomba ruhusa. Ni vitu vitatu tofauti kabisa, na ugomvi mwingi unatokea mtoto akitaka kusikilizwa na mzazi akidhani anaombwa ruhusa.

Kama huwezi kujitaja, anza na shule. "Mama, leo kwenye baiolojia tumefundishwa habari za ndoto nyevu, wenzangu wakacheka." Hujasema ni wewe. Umeweka mezani, yeye atachagua kuokota au kupita. Akipita, kesho weka tena.

Mdomo ukigoma, andika. Barua ya kurasa mbili ukaiacha juu ya mashine ya cherehani ya mama si uoga. Inampa mzazi nafasi ya kukasirika peke yake, akapoa, ndipo akakuita. Meseji nayo inafaa, ila usitume mambo ya siri kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima. Kuna kijana namfahamu, meseji yake kwa mama ilisomwa kwa sauti na mdogo wake wa darasa la nne mbele ya wageni.

TAFUTA MSHENGA

Watu wakitaka kuoa hawaendi wenyewe mikono mitupu, wanatuma mshenga. Mbona kwenye mambo mengine tunataka kujipeleka wenyewe? Shangazi, mjomba, bibi, mama mdogo, kaka aliyeoa, mwalimu wa malezi, muuguzi wa zahanati, sheikh au mchungaji mnayemheshimu nyumbani. Mtu huyu ana kazi mbili. Kwanza anakusikiliza wewe bila joto lile la mzazi. Pili anapeleka neno kwa mzazi kwa lugha wanayoielewa wao wakubwa, na akimwambia baba yako "punguza moto, kaka," baba anapunguza, kitu ambacho wewe huwezi kumwambia.

Mchague vizuri. Yupo shangazi ambaye ukimwambia saa nne, saa sita mtaa mzima unajua. Mpime kwa siri ndogo kwanza, uone kama itarudi kwako kutoka kwa mtu mwingine.

Mimi binafsi naona wazee wangu walikosea kwa kukaa kimya, lakini walipatia kwa kumtuma mjomba. Ilikuwa njia yao ya kuongea, ndefu na ya kuzunguka, na ilinifikia. Laiti ingekuwa mwezi wa kwanza badala ya wa nne.

AKIFOKA JE?

Atafoka. Jiandae. Jibu la kwanza la mzazi mara nyingi si jibu lake, ni mshtuko. Usijibishane naye, usilie kwa kumkomoa, usikimbilie kwa jirani kumsema. Mwambie, "Sawa, baba, nimekuelewa, tutaongea siku nyingine," ondoka. Mpe siku mbili. Wazazi wengi hulala na jambo, wakaongea wao kwa wao chumbani usiku, na asubuhi utasikia, "Hebu njoo, ile habari yako ya juzi…" Akisema hivyo, usimkumbushe alivyofoka. Kaa, endelea.

Ukikosea wewe, omba radhi kwa kitendo. Mwanafunzi aliyefeli mtihani akaleta ripoti mwenyewe, kabla mwalimu hajapiga simu, ameshashinda nusu ya kesi. Aliyeifuta alama kwa wembe ana kesi mbili.

KUNA MAMBO HAYASUBIRI MCHELE

Yote niliyosema ni kwa nyumba ambazo wazazi wanakupenda ila hawajui kuongea. Zipo nyumba nyingine. Kama mtu anakugusa mahali usipotaka, anakulazimisha, anakupiga mpaka unaumia, au wanataka kukuozesha, usichague saa wala usitafute maneno mazuri. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo. Akikuambia "nyamaza, utavunja ukoo," mwambie mwingine, na mwingine, mpaka apatikane wa kusikia. Hata kama anayekutenda ni baba, baba wa kambo, mjomba, au yule anayelipa ada yako. Kosa ni lake. Kwa adabu zetu mtoto hamshtaki mkubwa, ila adabu haikuwekwa ili wewe uumie.

Simu namba 116 ni ya bure kwa watoto, Tanzania na Kenya pia. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Ukibakwa, nenda hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo hufanya kazi zikianza ndani ya muda huo, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa usizifue, chukua uende nazo.

Na kuhusu kupima virusi: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, Tanzania inamruhusu kijana aliyefikisha miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Ni vizuri mzazi ajue, lakini usiache kupima kwa sababu bado hujapata pa kuanzia.

NAMI NIMEKWAMA

Usidhani mwandishi ameshafuzu. Mwaka jana binti yangu, yuko kidato cha pili, aliniuliza wakati wa taarifa ya habari: "Baba, mtu akikojoa damu ni ugonjwa gani?" Wanafunzi wenzake walikuwa wanabishana. Unajua nilimjibu nini, mimi ninayeandika kurasa hizi? Nilisema, "Kamwulize mama yako." Akanyamaza, akaondoka zake. Nikamsikia mama yake jikoni anamwambia, "Kamwulize baba yako, yeye ndiye yalimkuta."

Akarudi. Amesimama mlangoni, ananitazama. Nikazima televisheni, nikamwambia alete zile njugumawe za kubangua, maana macho yangu nayo yalikuwa yanatafuta pa kukaa. Tulibangua bakuli zima. Nilimsimulia bwawa, kaptula, vidonge vya rangi mbili na kiti chenye joto. Alicheka sana kwenye kiti, halafu akauliza maswali mengine manne ambayo hayakuwa ya kichocho.

Sasa, ukishamaliza kusoma, gazeti hili usilifungie kwenye begi. Liache mezani sebuleni, limefunguliwa ukurasa huu huu. Mzee atalikuta akitafuta miwani.